Kuna aliyewahi kupanda California Zephyr ya zamani?

MwanaBububu
Assalaam alaykum. Babu yetu, Mungu amrehemu, alipenda kutusimulia gari la moshi la Bububu, kwetu Zanzibar, lililojengwa na kampuni ya Kimarekani na kupita mjini karibu na vizingiti vya watu. Mapenzi yangu ya treni yametoka kwake. Siku hizi nafuatilia habari za California Zephyr, treni ya Marekani ya kutoka Chicago hadi California, iliyoanza 1949. Wazee mliosoma Marekani, nani kaipanda? Ni kweli ratiba iliwekwa ili milima ipitwe mchana?

Mzee wa Malindi
Waalaykum salaam, mwanangu. Nimeipanda, kiangazi cha 1968. Na ni kweli kabisa. Tuliondoka Chicago alasiri, asubuhi tuko Denver, na milima ya Rocky tukaipanda jua likiwaka. Treni nyingine, City of San Francisco, ilikuwa na mwendo wa haraka zaidi, lakini haikupata uzuri ule.

Mabehewa yalikuwa ya chuma king'aacho, majina yote yakianza na Silver. Matano yalikuwa na kuba la vioo juu ya paa, na hata sisi wa tiketi za viti tulikuwa na yetu. Baada ya handaki la Moffat, kilomita 10 za giza, tukaukuta mto Colorado, tukaenda nao saa nyingi baina ya kuta za mawe. Wallahi, mie mtoto wa pwani sikuwahi kuona maji ya namna ile! Binti mhudumu, wakiitwa Zephyrette, akitueleza kwenye spika kila tunapopita.

Ninayemkumbuka zaidi ni mhudumu wa mabehewa ya kulala, mtu mzima mweusi, koti jeupe. Aliposikia natoka Zanzibar alinikalia kitako akiniuliza habari za Afrika. Akanambia zamani abiria wakiwaita wahudumu wote "George", kwa jina la George Pullman, mwenye kampuni ya mabehewa ya kulala, mpaka chama chao cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph kikapata mkataba na kampuni 1937. Anayezisifu treni zile na awataje watu hawa.

BintiMkunazini
Shikamoo ami. Bado ipo?

Mzee wa Malindi
Marahaba. Ile yenyewe ilisita Machi 1970. Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, wakalirudisha jina 1983, na sasa inakwenda Chicago hadi Emeryville, California. Rocky utaipita mchana vilevile, ila bonde la mto Feather, kule California, hutoliona, sasa inapita njia ya mlimani ya Donner. Kwangu hiyo ni hasara kubwa. Asubuhi ile ya mwisho bondeni hakuna aliyetaka kushuka kwenye kuba kwenda kunywa chai.