Mashine uani, pipa la Shangazi

Bakari: Assalamu alaykum nyote. Mashine ya boti ya marehemu baba nimeshaipandisha, iko uani. Yule mnunuzi wa Mkokotoni anakuja saa kumi, anataka aisikie sauti. Naiwasha dakika mbili tu kuijaribu.

Zuhura: Waalaykum salaam. Mtoto ndo kwanza kalala, usiniamshie.

Ami Juma: Waalaykum salaam. Unaiwashia wapi? Kavu?

Bakari: Ndiyo ami. Nimeikaza kwenye ule ubao wa mninga. Dakika mbili haipati hata moto.

Ami Juma: Iache kamba hiyo!!

Ami Juma: Ubaya hauanzii juu mwanangu. Kule chini, juu kidogo ya rafadha, yale mapanga yanayosukuma boti, mna impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Hicho ndicho kinachovuta maji ya kupoza mashine, na maji hayohayo ndiyo yanayokilainisha. Kikizunguka kavu, mpira unaungua muda si muda, mabawa yanakatika, vipande vinapanda kuziba njia za maji. Leo utaisikia inanguruma vizuri. Kesho mtu yuko katikati ya mkondo wa Tumbatu, imemfia.

Bakari: Na nikiwa naimwagia maji kwa ndoo huku inawaka?

Salma Maskati: 😂😂😂

Ami Juma: Wewe ukiwa na kiu, ukamwagiwa maji kichwani, umekunywa?

Salma Maskati: Huku wanatumia masikio. Vikombe viwili vya mpira, unavibana pande zote mbili pale mashine inaponyonyea maji, unachomeka mpira wa bomba.

Ami Juma: Masikio mazuri, lakini yanataka bomba lenye nguvu. Unafungua maji kwanza ndo unawasha, na kuzima unazima mashine kwanza ndo unafunga maji. Sasa leo kwetu si zamu ya maji. Basi pipa.

Bakari: Pipa lililojaa ni moja tu ami…

Shangazi Mwanaisha: Nawasoma. Pipa langu lisiguswe. Maji hayo nimeyateka tangu alfajiri.

Ami Juma: Dada, tunaliazima kidogo tu.

Shangazi Mwanaisha: Litarudi linanuka petroli.

Bakari: Shangazi nitakutekea ndoo kumi kisimani. Wallahi.

Shangazi Mwanaisha: Kumi na tano. Na pipa utalisugua wewe, si mkeo.

Ami Juma: Haya. Bakari, chomoa ile pini, fungua nati, toa rafadha uiweke mbali. Ndani ya pipa haina kazi ila kurusha maji na kukata vidole vya watu. Gia iwe nyutro, isiguswe mpaka umezima. Ukimaliza nitumie picha kwanza.

Bakari: 📷 Picha

Ami Juma: Maji hayatoshi. Unakiona kile kibati kilicholala juu ya pale palipokuwa na rafadha? Maji yakipite kwa shubiri nzima. Na kamba ya kuzimia mbona inaning'inia? Ifunge mkononi. Huyo mtoto aliyeegemea pipa ni wa nani?

Zuhura: Lo! Wangu huyo, kumbe kaamka. Namtoa.

Ami Juma: Mtoe, na wewe mwenyewe mtandio wako usikaribie. Kifuniko kiko wazi hicho, gurudumu la juu likishika nguo haliachii.

Bakari: Imewaka ami! Mvuto wa tatu. Inakojoa yale maji ya kupoza, ila kidogo, kama uzi.

Ami Juma: Zima. Usiongeze mafuta, zima.

Ami Juma: Tafuta waya mwembamba, zibua kile kitundu cha kukojolea. Ikiwa hapo pasafi na bado uzi, basi impela imechoka, uisahau biashara leo.

Bakari: Subhanallah. Nyigu! Wamejenga udongo mle ndani.

Bakari: Nimewasha tena. Sasa inakojoa mpaka ukutani 😂 Maji vuguvugu, hayachomi.

Ami Juma: Alhamdulillah. Iache ya polepole dakika tano, chumvi itoke. Usiivute mafuta kumfurahisha mtu, haina mzigo hapo, itapaa. Kisha chomoa paipu ya petroli, iache ijizimie yenyewe humohumo majini, kabureta ibaki tupu. Mnunuzi akifika unairudishia, unawasha.

Salma Maskati: Na moshi?

Bakari: Niko uani, upepo upo. Bandani nilikataa, hata kabla ya ami kusema.

Ami Juma: Hapo umenena.

Bakari: Mnunuzi kaja. Sauti hata hakuisikiliza. Katia mkono kwenye mkojo, kahesabu kimoyomoyo, kaniuliza rafadha iko wapi. Tumekubaliana, ila anataka na tangi.

Ami Juma: Mvuvi huyo. Mpe na tangi.

Shangazi Mwanaisha: Bakari. Hizi rangi zinazoelea juu ya maji yangu ndo nini?

Bakari: Nakuja na sabuni shangazi.