Mrejesho: lile boksi la vifaa vya sanaa nililouliza nilifanyie nini

Wadau habari zenu, ni mimi niliyeuliza nifanye nini na rangi, nyuzi na karatasi nisizozitumia, mkanishauri nitengeneze vitu vya mikono nipeleke kituo cha watoto. Basi nimefanya. Rangi za maji zilizokaukia kwenye tyubu nilizipasua nikadondoshea maji zikarudi vizuri kabisa, ila rangi za akriliki (zile za plastiki) zikishakauka ndo basi tena, hizo nikatupa. Vipande vya krayoni nikavimenya karatasi, nikaviyeyusha taratibu kwenye bakuli juu ya maji ya moto nikamimina kwenye vikombe vya silikoni, zikatoka krayoni nene nene ambazo hata mkono wa mtoto mdogo unazishika vizuri, yaani hizi ndo nazipenda kuliko zote. Shanga nimetengenezea bangili za watoto wakubwa tu maana mtoto wa chini ya miaka 3 akimeza shanga inaweza kumkaba, wadogo nikawafumia mipira laini ya uzi.

Na yule aliyesema nipige simu kwanza niulize wanahitaji nini, ubarikiwe sana, kumbe kadi walikuwa nazo tele ila alamisho za vitabu (vile vya kuwekea alama ukurasa ulioishia kusoma) hawana kabisa, karatasi zote zimeishia huko.