Udaktari nje ya nchi: Uchina, Urusi au Uganda? Naombeni ulinganisho

BabaWawili (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kafaulu vizuri, lakini vyuo vya hapa nchini, MUHAS, KCMUCo na Bugando, vyote kakosa nafasi ya udaktari. Kozi nyingine hataki hata kuisikia. Sasa mkononi ana barua tatu: Uchina kwa Kiingereza, Urusi, na Uganda. Wakala anatusukuma Uchina, anasema nafasi zinafungwa wiki ijayo. Mimi ninachotaka ni kimoja tu: mtoto arudi, apate leseni, atibu watu hapa nyumbani. Mliosoma au kusomesha huko, nisaidieni.

DaktariWaZamu
Shikamoo mzee. Mimi nimesoma Uchina, sasa niko hospitali ya mkoa. Nitaanzia mwisho wa safari, maana wengi hukwama huko.

Akirudi na shahada, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) lazima waitambue kwanza. Halafu kuna mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ndipo leseni. Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, nenda TCU na barua zote tatu, uulize chuo kwa chuo, na binti achukue cheti chao cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kupanda ndege. Pia tafuta jina la chuo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari (WDOMS), iko wazi mtandaoni. Wakala asikuambie "kinatambulika", akuonyeshe.

Kuhusu Uchina: Wizara ya Elimu ya kule ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Kama chuo chake hakimo, achaneni nacho. Kozi ni miaka sita, mmoja wa mwisho ukiwa wa hospitali. Miaka ya darasani iko vizuri sana, maabara za anatomia na vifaa sijaona mfano wake. Shida ni wodini. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, mgonjwa anaongea Kichina. Tena akiwa mzee wa kijijini anaongea lahaja ambayo hata Wachina wa mikoa mingine hawaielewi. Umesimama pembeni ya kitanda, bibi anashika tumbo na kueleza kwa dakika tano, wewe umeambulia neno "maumivu" na neno "jana". Wenzangu waliofika ngazi ya nne ya HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) mapema waliruhusiwa kugusa wagonjwa. Wengine walibaki nyuma ya kundi wakiandika. Akienda huko, Kichina akianze siku ya kwanza kama somo kamili.

Mama_Mvumilivu
Mleta mada, pole na hongera kwa binti. Mimi naongeza jambo ambalo mawakala hawaligusi: nchi ikifungwa itakuwaje? Kijana wangu alikuwa Sumy, Ukraine, vita ilipoanza Februari 2022. Nilikuwa nalala na simu kifuani. Alitoka salama, namshukuru Mungu, lakini kuhamisha masomo kwenda chuo kingine kulitutoa jasho kuliko ada yenyewe. Na msisahau Uchina: waliorudi likizo mwaka 2020 walikaa nyumbani hadi viza za wanafunzi ziliporejeshwa Agosti 2022. Anatomia utaisoma kwenye simu, kumpima mgonjwa hapana. Ulizeni chuo kina utaratibu gani wa kuhamisha matokeo.

Kazan_Mkongwe
Urusi nimeishi, nitasema ukweli. Walimu wanajua kazi, wanakuuliza maswali kwa mdomo kila wiki, huwezi kujificha. Lakini hata ile kozi inayoitwa ya Kiingereza, ukiingia wodini ni Kirusi. Ushauri wangu: aanze na mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha, hata kama unaongeza gharama. Jambo la pili ni pesa. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard za kutoka nje hazifanyi kazi kule, na benki kadhaa ziliondolewa SWIFT, ule mfumo wa benki wa kutumiana pesa kimataifa. Mzazi, hakikisha una njia halali ya kutuma ada kabla hajaondoka, siyo kumpa mtu mkononi.

BabaWawili
Asanteni. Hilo la pesa sikulifikiria kabisa. Na Uganda mbona mmeiruka?

Binti_wa_Mbarara
Shikamoo baba, niko mwaka wa nne Uganda. Sina sifa za majengo ya kukutajia, lakini wagonjwa ninaokutana nao ndio nitakaowakuta nyumbani: malaria kali kwa watoto, selimundu, kifua kikuu, kifafa cha mimba. Wiki iliyopita nilishika mtoto mchanga aliyezaliwa hajalia, nikamsaidia kupumua huku sista ananihesabia. Mwanafunzi mgeni nchi za mbali hasogezwi karibu hivyo. Hapa pia kuna lugha, Kinyankole huku na Kiganda Kampala, ila kwa sisi Wabantu kinaingia haraka. Kozi ni miaka mitano, na nauli ya basi inatosha kuja kuniona. Angalizo: vyuo havilingani. Makerere inafundisha udaktari tangu 1924, vingine ni vipya na wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja, kwa hiyo ulizia Baraza kuhusu hicho chake.

Mkenya_Nairobi
Kwetu pia ni hivyo: ukisomea nje, KMPDC, baraza letu la madaktari, wanakupa mtihani kabla ya kuanza intanshipu (utarajali). Ningekuwa mzazi ningechagua Uganda, mradi chuo kina hospitali yake ya kufundishia au mkataba na ya serikali.

DaktariWaZamu
Naunga mkono. Nilisoma Uchina na ninaipenda, lakini kwa lengo lako mzee, Uganda inatangulia. Uchina ije ya pili kama chuo kimo kwenye ile orodha.

BabaWawili
Nimeongea na binti, tumekubaliana wakala asubiri. Jumatatu tuko TCU. Binti_wa_Mbarara, naomba uniambie: chuo chenu kinampeleka mwanafunzi hospitali gani, na kwenye kitanda kimoja mnasimama wangapi?