Tansiyo kupanda wakati wa kimio: tupeane uzoefu

Binti wa Kampemba

Jambo yenu, ndugu. Hapa Lubumbashi, ukikaa kwenye benchi na wagonjwa wa kansere, utasikia habari za kutapika, za nywele, za vidonda vya mdomo. Tansiyo, yaani presha ya damu, ni nadra mtu kuitaja, na mimi imeninyima usingizi.

Mama yangu ana kansere ya utumbo mpana. Anatibiwa Lusaka, anapata kimio, yaani dawa kali za kuua kansere, pamoja na dawa iitwayo bevasizumabu. Zote anawekewa kwa serumu, dripu ya mshipani. Kabla ya hapo hakuwa na tansiyo hata kidogo. Baada ya serumu za mwanzo ikaanza kupanda hadi 165 kwa 100. Nyumbani wakasema ni mawazo, anafikiria ugonjwa mno. Munganga alitufafanulia: dawa hii inazuia VEGF, kitu ambacho uvimbe unakitumia kujiotesha mishipa ya damu. Lakini kitu hichohicho ndicho kinachosaidia mishipa yetu ya kawaida kulegea. Kikizuiwa, mishipa inakaza na tansiyo inapanda. Ndiyo sababu wanampima mkojo pia, kuona kama figo zinapitisha protini.

Alipewa amlodipini, dawa ya tansiyo, tansiyo ikashuka, kimio kikaendelea. Ila katikati ya serumu na serumu tuko huku, tumeshavuka mpaka wa Kasumbalesa, na munganga wake yuko mbali. Kwa hiyo tulinunua aparei ya kupimia tansiyo, tunapima asubuhi na jioni, tunaandika kwenye daftari. Munganga analisoma daftari hilo kabla ya kuuliza swali lolote.

Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Baba Ruashi

Mimi ni kansere ya prostate. Natumia vidonge vya abiraterone, na prednisone pembeni. Tansiyo ilipanda, miguu ikavimba, usiku misuli ya mapaja inakaza mpaka nasimama. Kupima damu, potasiamu imeshuka. Nilielezwa kwamba abiraterone yenyewe inaufanya mwili ushike chumvi na kutupa potasiamu, na prednisone wanaiweka hapo kupunguza hilo. Ndiyo maana mtu asiiache kwa kusema vidonge vimekuwa vingi.

Sasa nyumbani makayabu, samaki wa chumvi, tumeiweka kando, hata ikilowekwa usiku kucha. Bukari na sombe ninakula, bila kyube ya kukolezea mboga. Mke wangu anaweka nyanya na kitunguu kwa wingi, ladha inapatikana.

Yaya wa Katuba

Kansere yangu ni ya ziwa la kushoto. Kwangu tansiyo ilikuwa inapanda siku za serumu tu, kisha inarudi. Ni deksametazoni wanayotupa kabla ya paklitakseli, dawa ya kimio, ili mwili usiikatae dawa. Sukari nayo ilipanda siku hizo. Hawakuniongezea dawa, walifuatilia tu.

Ila kabla ya doksorubisini, dawa nyingine ya kimio, walisisitiza tansiyo iwe sawa na wakanipiga ekografia ya moyo, maana dawa ile inaweza kuudhoofisha moyo, na tansiyo isiyotibiwa inazidisha hatari. Na dada zangu mliotolewa tezi za kwapani, waambieni wapimie mkono wa upande mwingine. Mimi nanyoosha wa kulia kabla hawajauliza.

Mdogo wa Kenya

Niko Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Dada yangu ana kansere ya shingo ya kizazi, anapata kimio cha sisplatini na miale. Tansiyo 170, mkojo kidogo. Jirani anasema aache dawa za kansere kwanza, tansiyo itulie. Nisaidieni.

Muuguzi Kamalondo

Mdogo wangu, asiache chochote kwa neno la jirani. Mpeleke leo, usingoje siku ya miadi. Sisplatini inaweza kuumiza figo, ndiyo maana inaendana na serumu nyingi za maji. Tena kansere ya shingo ya kizazi inaweza kubana mirija inayoshusha mkojo, figo zikajaa, tansiyo ikapanda. Wampime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kumpiga ekografia ya figo. Kupunguza au kusimamisha dawa ataamua munganga wake.

Mwulize pia anameza nini kwa maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila kona ya farmasi, na zote zinapandisha tansiyo na kuchosha figo. Kwa mgonjwa wa sisplatini ni hatari kweli. Mizizi ya kuchemsha nayo itajwe bila haya, munganga hawezi kukisia.

Kwa wote: dawa ya tansiyo isiazimwe kwa shangazi. Verapamili na diltiazemu zinazuia ini kuvunja baadhi ya vidonge vya kansere, kama sunitinibu, ikabaki nyingi mwilini kuliko inavyotakiwa.

Kupima: kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Kahawa iwe imepita nusu saa. Nyumbani, ikiwa 135 kwa 85 au zaidi siku baada ya siku, mwambie munganga. Ikifika 180 kwa 120, au kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, mtu anachanganyikiwa au kutetemeka mwili mzima, hospitali mara moja, hata usiku.

Mdogo wa Kenya

Asante sana, yaya. Tunaondoka sasa hivi.

Mama Kalubwe

Pole, mwanangu, utuletee habari. Muuguzi, nami nina swali: mkono wangu ni mnene, na aparei ya nyumbani inatoa namba za juu kuliko ya hospitali.

Muuguzi Kamalondo

Mama, ni mkanda unaofungwa mkononi. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba zinapanda bure. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, kisha angalia sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkono wako ukizizidi, uliza farmasi mkanda mkubwa wa aparei hiyohiyo. Siku ya miadi ibebe, walinganishe na yao.

Binti wa Kampemba

Mdogo wa Kenya, mkifika andika hata neno moja. Wa kwetu anarudi Lusaka wiki ijayo, naliacha daftari wazi hapa karibu na simu.