Naomba ushauri: malengo ya digrii ya hesabu tunayapimaje?

Wakuu habarini, niko Tanga hapa nafundisha hesabu chuo, nimepewa kazi ya kuandika upya malengo ya digrii yetu ya miaka 3. Kuandika "mhitimu aelewe hesabu" ni rahisi ila utaipimaje? Mi nataka kitu kinachoonekana, mfano athibitishe mwenyewe kuwa kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu yenye namba nzima juu na chini, maana nina vijana wanapata A za kalkulasi kwa kukariri mitihani ya nyuma halafu ukiwauliza kwa nini wanabaki kukutazama tu, inaniuma kwa kweli. GPA (wastani wa alama zake zote) pekee haioneshi hilo. Nawaza tuweke swali la uthibitisho mwaka wa 1 na lingine mwaka wa 3 tulinganishe majibu ya walewale. Mliowahi kufanya hivi, malengo mangapi yanatosha? Na mnasahihishaje ili walimu wawili watoe maksi zinazokaribiana?