Kijana wa sindano: mahabusu au kliniki? Nimeombwa kumdhamini

Mleta mada, Ngarenaro, Arusha

Wakuu, salaam. Juzi saa moja usiku mama mmoja wa mtaani kwetu alibisha hodi, kashika bahasha ya kaki. Mwanawe, chalii wa miaka 26, yuko mahabusu wiki ya pili sasa. Kwenye msako walimkuta na bomba la sindano ndani ya soksi na kete mbili za unga (heroini), halafu kuna mtu kamtaja kwenye wizi wa mita ya maji. Dhamana iko wazi: wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha NIDA. Wa kwanza kapatikana, ni mjomba. Wa pili mama anamtafuta mlango kwa mlango, na mlango wangu ulikuwa wa saba.

Huyu kijana alikuwa kwenye methadone, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga ili mtu asiugue akiuacha. Miezi minne, kila asubuhi kliniki, anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anarudi kuosha magari. Akateleza wiki moja, na wiki hiyo hiyo akadakwa. Alipopima mara ya mwisho hakuwa na virusi vya UKIMWI. Nayasema haya kwa sababu mama mwenyewe ndiye anayeyasema kila anapobisha hodi: "Ameingia hana, baba. Atatoka vipi?"

Nikakosa usingizi, nikasoma. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Infectious Diseases lilichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali juu ya watu wanaojidunga. Waliofungwa karibuni, hatari yao ya kuambukizwa VVU ilizidi ya wenzao kwa asilimia 81, na ya homa ya ini aina ya C kwa asilimia 62. Hapa nchini, utafiti wa Dar es Salaam wa miaka kumi na kidogo iliyopita ulikuta karibu asilimia 35 ya wanaojidunga wana VVU, wakati upimaji wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta asilimia 4.4 kwa watu wazima wote. Sasa wakusanye hao kwenye selo moja, waongezee bomba moja.

Msimamo wangu: aliyekamatwa na bomba na kete ya kujichoma mwenyewe asilale mahabusu. Ikibidi alale, dozi yake imfuate humo humo. Haya, nipingeni.

Mama Duka, Sombetini

Baba, pole na ugeni wa usiku. Ila umechanganya mchele na chuya. Kete mbili ni zake, lakini mita ya maji ni ya nani? Mimi wameng'oa mita, wakarudi kwa sufuria ya pilau iliyoanikwa uani, wakamalizia na nondo za dirisha la choo. Siku tisa nimenunua maji kwa madumu. Hakuna mtu aliyekuja kwangu na bahasha ya kaki kuniuliza nimelalaje.

Akiwa mgonjwa atibiwe, sikatai. Lakini wiki hizi mbili ambazo hao vijana wako ndani, mtaa umelala.

Mpenda Hesabu, Njiro

Ile 81 isiwapeleke mbio. Anayefungwa ni nani? Ni yule aliyezama kabisa, hana pa kulala, anachangia sindano maskani kila siku. Huyo hata asipofungwa, kuambukizwa kwake kuko karibu kuliko kwa mtoto wa mtu anayejidunga chumbani kwao kimya kimya. Jela inaweza kuwa dalili tu, siyo chanzo.

Mleta mada

Mkuu, hoja nzito. Lakini uchambuzi ule ule uliwatazama pia waliowahi kufungwa zamani, na kwao hatari ya VVU ilizidi kwa asilimia 25 tu. Kama ni tabia ya mtu peke yake, basi mbona aliyetoka juzi yuko pabaya hivyo kuliko aliyetoka miaka ile?

Mpenda Hesabu, Njiro

Aliyetoka miaka ile na bado hana virusi huenda ni mtu aliyeshatulia. Nakupa nusu, nusu nabaki nayo.

Niliyerudi

Mmemaliza namba? Mimi nilichoma miaka sita. Nilianzia Unga Limited, na msicheke, mtaa ule uliitwa hivyo kwa ajili ya kinu cha sembe.

Nje nilikuwa navuta kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi, sindano nilikuwa naiogopa. Ndani ndiko nilikojifunza, na sababu ni ya kijinga kabisa: moshi unanuka. Ukiwasha tu, nyapara kageuka. Sindano hainuki. Tena unga wenyewe ukipenya ni wa kuchungulia, ukiuvuta umeishia hewani, ukiuchoma unawatosha wawili.

Bomba lilikuwa moja. Dogo lile la mililita moja, namba za ubavuni zimefutika kwa kushikwa. Sindano ikiwa butu tunainoa kwenye ubavu wa kiberiti. Tulikuwa tisa. Mwenye bomba anaanza, kisha aliyelipa, halafu sisi wa makombo. Kuosha ni kuvuta maji ya kopo mara mbili na kuyapuliza ukutani, na pale pembeni ukuta ulikuwa na vidoadoa vya kahawia kama umepigwa na mvua ya matope. Hatukuwa wajinga, wote tulikuwa tunajua UKIMWI ni nini. Arosto, ule ugonjwa wa kukosa dozi, ikikushika, pua zinatiririka, tumbo linakatika, mifupa inauma kama inasagwa, hutamuuliza mtu kama amepima.

Mama Duka, mimi nimeiba. Sikuibii maneno. Ila nilipotoka niliiba zaidi, kwa sababu niliingia mvutaji nikatoka mchomaji.

Mama Duka, Sombetini

Na virusi?

Niliyerudi

Ninavyo. Natumia dawa mwaka wa tano, vimefubaa. Tulikuwa tisa, na kati ya ninaowajua watatu hawapo. Mmoja hakufa kwa virusi. Alitoka Ijumaa, Jumapili tukamkuta kwenye choo cha stendi amekaa, kichwa kimeegemea mlango. Mwili ulikuwa umeshasahau dozi, mkono bado unaikumbuka.

Afande Mstaafu, Usa River

Nimevaa magwanda miaka 24, sitaki kutukanwa lakini pia sitaki kudanganya. Kwenye upekuzi nimekuta simu, wembe, tumbaku, bangi ndani ya kandambili iliyochanwa soli na kugundishwa upya. Sindano nimeikuta mara mbili tu. Huyo ndugu hapo juu simbishii, niseme tu kwamba sikuona mimi.

Najua kuna watakaokuja na habari za Moldova na Uswisi, kwamba huko wafungwa wanapewa sindano safi tangu miaka ya 1990. Nilisikia kwenye semina moja hapa mjini. Jamani, selo ya watu thelathini wanaolala mzungu wa nne, mimi ndiye ninayeingia usiku kuhesabu vichwa, halafu nijue kila wa tatu ana sindano mkononi? Hilo hapana.

Methadone ni habari nyingine. Arosto ya mahabusu ni mzigo wetu askari: anatapika, anajigonga, ndoo imejaa, wenzake wanataka kumpiga. Angepewa kikombe chake asubuhi selo nzima ingepumua. Segerea kule Dar wana kituo cha methadone ndani ya gereza. Ila ile dawa haibebwi kwenye mfuko wa rambo. Inataka kabati la kufuli, kipimo, daftari la kusaini, mtaalamu, gari. Na gari linataka mafuta, kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Nani analipa?

Muuguzi, sitataja kituo

Niongeze mawili, naenda zamu. Methadone ukiikosa siku kadhaa, huruhusiwi kuendelea na kipimo kile kile. Tunashusha, na ukikaa muda mrefu unaanza upya. Kwa hiyo miezi minne ya huyo kijana huenda imeshayeyuka. Kifo alichokitaja Niliyerudi kinajulikana sana: tafiti za Ulaya, Marekani na Australia zilikuta wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ndizo zinazoua kwa kuzidisha dozi, mara 3 hadi 8 ya wiki zinazofuata.

La pili ni ARV. Aliyechukuliwa kwenye msako wa usiku haendi na kopo lake la vidonge. Na kituoni, mbele ya watu, wangapi watasema "afande, mimi natumia dawa"? Anakaa kimya, virusi vinapanda tena, na sasa yuko selo yenye bomba moja.

Karani, Sekei

Kisheria kidogo. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Mtu aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupangiwa kazi za jamii badala ya jela, kufagia hospitali, kupanda miti, chini ya maofisa wa Huduma za Uangalizi. Kwa hiyo mlango upo. Tatizo, huo ni mlango wa baada ya hukumu. Huyu wa mleta mada hajahukumiwa chochote. Yuko ndani kwa sababu amekosa barua ya pili.

Na hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi: wawili wamekamatwa kosa moja, mwenye shemeji wa maana analala kwake, teja analala ndani hadi kesi iishe. Nani atamwekea teja saini? Akitoroka, mdhamini ndiye anayeitwa.

Mpenda Hesabu, Njiro

Hapo sasa ndipo naanza kukubaliana. Kama kinachoamua nani alale kwenye selo hiyo ni saini ya jirani, siyo kosa lenyewe, basi hata hiyo hoja ya Mama Duka ya mita haijafikiwa bado. Mita itajadiliwa siku ya ushahidi.

Mama Duka, Sombetini

Wewe wa Njiro, kwenu kuna ukuta na mlinzi. Usinijadilie mita.

Mleta mada

Mama, hujakosea. Sitasema wizi usamehewe, ashtakiwe akitokea nyumbani na asubuhi apite kliniki. Afande, swali lako la mafuta sina jibu lake, na nadhani ndipo palipo na kazi. Kesho saa mbili niko kwa mtendaji kuchukua barua. Mke wangu kanuna.

Afande Mstaafu, Usa River

Muulize mtoto kama alilala karibu na ukuta au katikati. Walio katikati hawajui mengi.

Mama Duka, Sombetini

Kesi yake ni lini? Nitakuja, lakini siji kusaini. Mita yangu ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo, niliupiga mwenyewe kwa jembe. Nataka niione hiyo waliyoileta kama kielelezo.