Mume hataki kupima mbegu, mawifi wameshaanza maneno. Waanzie wapi?

Neema_K: Wadau, naulizia wanandoa ninaowashauri. Miaka miwili hakuna mimba. Mke ameshapima homoni, ultrasaundi na picha ya mirija, vyote salama. Mume hajakanyaga maabara, na ukweni mke anaitwa mgumba waziwazi. Sasa wanataka kukimbilia IVF (mimba kutungishwa maabara).

Fundi_Maabara: Dada Neema, mpangilio wa vipimo ndio uliomtwika mke lawama. Walitakiwa kupima wote kwa pamoja, tena cha mume ndicho chepesi na hakiumi. Wengi hawakimbii majibu, wanakimbia kile chumba chenye foleni mlangoni. Atoe nyumbani: siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kopo la maabara (si kondomu ya kawaida, huharibu mbegu), bila mate wala mafuta. Kopo likae ndani ya shati, lifike maabara ndani ya saa 1. Tone la kwanza likidondoka nje aseme, maana ndilo lenye mbegu nyingi.

Mzee_Kliniki: Na aambiwe kabla ya kupima, si baada: mbegu chache na nguvu za kiume ni vitu viwili tofauti. Hapo ndipo wanaume wanapovunjika. Kiwango cha chini cha WHO cha 2021 ni milioni 16 kwa mililita, lakini kuwa chini ya hapo si utasa. Mbegu hutengenezwa kwa siku 70 na ushee, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuzishusha. Kipimo hurudiwa baada ya miezi 3.

Bi_Saada: Ya ukweni amalize mume na mama yake, mke asitumwe. "Mama, tunatibiwa sote wawili, kukiwa na habari utaisikia kwetu." Basi. Wakifika IVF, tarehe ya kupandikiza kiinitete tumboni wasiitaje kwa mtu, simu za "vipi huko?" huanza kabla mke hajatulia. Zile wiki mbili za kusubiri majibu ya mimba zinachosha kuliko sindano. Projesteroni, homoni anayopewa mke wakati huo, huumiza matiti na kujaza tumbo kama mimba changa kabisa. Kipimo cha mkojo nacho hudanganya: sindano ya hCG (homoni ileile ya mimba ambayo kipimo husoma) kabla ya kuvuna mayai inaweza kuleta mistari miwili hadi siku 14 baadaye. Wangoje kipimo cha damu.

Neema_K: Ahsanteni. Kopo mke anaweza kulipeleka?

Fundi_Maabara: Anaweza. Liandikwe jina la mume na saa aliyotoa. Majibu wayafuate wote wawili.